Unataka kuwa kwotabeki (yule anayerusha mpira kuwapa wenzake) NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani? Njia ndo hii
Kwanza cheza sekondari kule Marekani, halafu chuo, maana NFL haikuchukui mpaka ipite miaka 3 tangu umalize sekondari, hapo hakuna shotikati. Mkono wenye nguvu wanao wengi bana, we komaa na miguu na macho: ukishika mpira rudi nyuma hatua 3 au 5, mguu wa nyuma ukikanyaga tu mpira uwe unatoka, ukisubiri mpaka mwenzako awe wazi ushachelewa, majitu ya timu pinzani yashakufikia. Drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) ikikuweka mkiani usinune, kwotabeki Tom Brady alichukuliwa wa 199 mwaka 2000 na akabeba Super Bowl 7, yaani ubingwa wa NFL. Kwotabeki mwingine, Kurt Warner, ndo hakuchaguliwa kabisa, akawa anapanga bidhaa supamaketi usiku huko Iowa, baadaye Rams, timu ya NFL, wakamuita. Kwa hiyo laini ya simu usibadilishe.