Boya la klabu: tumia kamba yako

Ukifika kwenye boya la klabu ya mashua, lile la kufungia chombo badala ya kutia nanga, soma kwanza uzito au urefu wa chombo ulioandikwa juu yake. Chako kikizidi, katie nanga kwingine. Lijongelee polepole, omo (mbele ya chombo) ikikabili upepo, au mkondo kama ndio wenye nguvu zaidi.

Kamba niliyoikuta hapo siiamini, hata ikionekana mpya. Hupitisha yangu kwenye pete ya boya na kufunga ncha zote mbili omoni, ili kuondoka iwe kuachia ncha moja na kuvuta tu. Ila kwa kulala, izungushe kwenye pete mara moja zaidi, maana kamba iliyolegea husuguana usiku kucha hadi ikakatika.

Na usikiache chombo hapo bila mtu. Mwanachama mwingine huenda yuko njiani.