Siku ya Sambusa: namna ya kuiadhimisha ofisini bila kumtia mtu hasara

Tarehe 5 Septemba ni Siku ya Sambusa Duniani. Usiitafute kwenye kalenda ya serikali wala ya Umoja wa Mataifa, haimo. Ni siku ya wapenda sambusa wa mitandaoni, waliojipangia sherehe wakaona inafaa. Ofisini kwetu, Posta, Dar es Salaam, bosi aliniuliza nani kaitangaza. Nikamuuliza, "Bosi, yako ya nyama au ya viazi?" Akasema ya nyama. Ruhusa ikawa imepatikana hapo hapo, na wewe anza hivyo hivyo.

Mwaka 2026 siku hiyo inaangukia Jumamosi. Walio nyumbani wapike Jumamosi yao kwa raha. Sisi wa ofisini tunaifanya Ijumaa tarehe 4, saa nne asubuhi, saa ya chai. Usipange saa saba mchana. Waislamu watakuwa msikitini, watarudi wakute makombo, na lawama zake hazitaisha mwaka huo.

Ipo njia ya mkato: unampigia simu mama anayeuza, anakuletea ndoo imejaa. Watu watakula, watafuta mikono, watarudi kwenye kompyuta. Hiyo ni chai ya kila siku tu. Mimi nasema sherehe ya sambusa iko kwenye kukunja. Waweke watu wanne mezani na manda mkononi, yale maganda membamba ya unga ya kufungia sambusa, nusu saa haiishi utajua nani anaoa, nani amenunua kiwanja Chanika na nani anatafuta kazi kwingine. Kwa hiyo Alhamisi jioni mkutane kwa yule mwenye meza kubwa na friza.

Hesabu sambusa tatu kwa kila mtu, hata kwa wale wanaoapa kwamba moja inawatosha. Kilo moja ya nyama ya kusaga inatoa hamsini hivi za ukubwa wa kawaida, kwa hiyo ofisi ya watu kumi na tano inatosheka, na mlinzi wa getini naye anapata. Changeni mapema, kiasi kile kile kwa wote, bosi akiongeza ni hiari yake. Na uliza nani hali nyama. Kwetu wapo, tunawatengenezea za viazi na njegere, na zao zinakaangwa kwanza, mafuta yakiwa bado hayajaguswa na nyama.

Nyama bandika kavu, bila mafuta wala maji, pamoja na tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, chumvi na ndimu. Ivunjevunje kwa mwiko mpaka maji yake yakauke kabisa. Mama yangu mkubwa wa Ngamiani, Tanga, haangalii hata sufuria. Anategea sikio, nyama ikianza kulia anajua imekauka. Tia bizari nyembamba ya kusaga na pilipili manga, epua, iache ipoe. Vitunguu maji vitano vikubwa vikate vidogo sana, vitie chumvi kidogo, vikamue maji, kisha uvichanganye vibichi na nyama iliyopoa, pamoja na kotimiri na pilipili mbuzi. Hapa sitaki mjadala. Kujaza mchanganyiko wenye maji ni kulowesha manda. Manda ikilowa inapasuka kwenye karai, na mafuta yanakurukia wewe.

Manda za dukani hazina aibu. Zitoe kwenye friza mapema zilegee zenyewe, na muda wote wa kazi zifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Mwenye nguvu zake atengeneze: unga wa ngano, chumvi na maji, ukandwe uwe mgumu kidogo kuliko wa chapati. Sukuma madonge manne madogo, kila moja lipake mafuta na ulinyunyizie unga, yapange moja juu ya jingine, halafu yasukume yote kwa pamoja yawe mapana na membamba. Yapitishe kwenye chuma cha chapati, moto mdogo, upande huu na huu, yasibadilike rangi. Yaachanishe yakiwa bado ya moto, maana yakipoa yanang'ang'aniana. Kisha kata vipande virefu.

Gundi ni unga wa ngano na maji, nzito kama uji wa mtoto. Kunja pembe upate koni, jaza bila kushindilia, zungusha mkia wa manda, bandika. Kagua kona zote tatu, kwani tundu dogo tu linatosha kunywesha sambusa mafuta. Asiyejua kukunja akae pembeni ya anayejua. Mwanamume atakayesema hii si kazi yake mpe kazi ya gundi. Baada ya muda mwenyewe ataomba manda. Zilizokunjwa zipange kwenye sinia zisigusane, ziingize kwenye friza.

Asubuhi kaanga hivyo hivyo zikiwa zimeganda. Chache chache, kwa sababu ukijaza karai mafuta yanapoa na sambusa zinayanywa. Moto uwe wa wastani. Tupia kwanza kipande cha manda: kikizama kikatulia, subiri, kikigeuka kahawia papo hapo, punguza. Ofisi isiyo na jiko wala uwanja, kaangieni nyumbani alfajiri. Lakini tafadhali, hotipoti iacheni ni ya chapati. Sambusa ya moto ukiifunikia humo inatoa jasho na kulegea. Tumia ungo au kikapu chenye tishu, wazi. Pembeni weka ndimu na chatne ya nazi.

Mkiwa mnatafuna, mtu mmoja apewe dakika tatu za historia. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alifika Delhi kwa Sultani Muhammad bin Tughluq. Huko alieleza chakula cha karamu: nyama iliyokatwakatwa, ikapikwa na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Sambusa hiyo, jamani, mezani kwa sultani! Kwa heshima yake sisi tunakunja chache zenye lozi na kuzichanganya na nyingine, tukishahakikisha hakuna anayedhurika na lozi. Atakayeibukia nayo anasamehewa kuosha vyombo.

Vipande vya manda vilivyobaki vikaange mwisho kabisa, uvinyunyizie chumvi na pilipili ya unga. Vinaliwa na chai ya saa kumi. Mafuta yakipoa yachujeni, na aende nayo aliyeleta karai.