Kumpiga picha nyuki bustanini: chagua ua, kisha subiri

Ukimkimbiza nyuki kutoka ua hadi ua, utarudi na picha za maua matupu. Nyuki wa asali hushikilia aina moja ya maua katika safari moja, kwa hiyo ukimwona kwenye alizeti, jipange mbele ya alizeti iliyo jirani. Atafika.

Alizeti ndiyo ya kujifunzia. Vijiua vyake, yaani maua madogo yanayojaza kitovu chake, hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, pete baada ya pete, na nyuki hutembea juu ya ile iliyofunguka karibuni. Itafute pete yenye chavua mbichi, lenga hapo. Atazunguka taratibu akichomeka ulimi kijiua kimoja kimoja, nawe utapata nafasi nyingi. Ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri. Chukua ua dume, lile lisilo na kiboga kidogo chini yake: nyuki akitoka humo amepakwa unga wa manjano mwili mzima, hata juu ya macho. Hiyo ni picha ya kuamkia mapema.

Huku kwetu Uganda, karibu na Ikweta, jua halikawii kupanda. Saa mbili hadi saa nne asubuhi mwanga huja kwa ubavuni na kuonyesha manyoya ya kifua. Kufikia saa sita jua liko utosini: mgongo unang'aa, uso umezama kivulini. Ikibidi kupiga saa hizo, mtu mwingine ashike kitambaa cheupe chepesi juu ya ua.

Kwa kamera yenye lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 90 hadi 105, weka spidi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) 1/1000 ya sekunde nyuki akitembea, 1/2000 akiruka. Mabawa hupiga zaidi ya mara 200 kwa sekunde, kwa hiyo yakionyesha ukungu kidogo si kosa. Tundu la lenzi liwe f/8, yaani dogo; ukilipanua hadi f/2.8 utapata jicho tu, na vipapasio vitapotea. Panga ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 400 na 1600. Zima fokasi ya otomatiki (kamera kujilenga yenyewe), yumba mbele na nyuma kidogo sana, na jicho la nyuki likikolea, yaani likionekana wazi bila ukungu, bonyeza mfululizo.

Ukitumia simu, usiisogeze hadi kivuli chake kimfunike nyuki. Kuza mara 2, kaa sentimita 15 hivi, bonyeza ua kwa muda hadi fokasi ijifunge, kisha punguza mwangaza kidogo ili petali za manjano zisiungue, yaani zisigeuke weupe mtupu pichani.

Picha ikiharibika, ikague kabla ya kubadilisha chochote. Ua limekolea lakini nyuki ana ukungu: ongeza spidi. Jani la nyuma ndilo limekolea: fokasi ilimpita nyuki. Kila kitu kina ukungu: mkono ulitikisika, au upepo ulitikisa ua. Dawa ya upepo ni kijiti kilichochomekwa ardhini na shina kufungwa kwa ukambaa wa mgomba, chini kidogo ya ua ili usionekane.

Nyuki aliye kazini kwenye ua hana haja na wewe. Hatari iko mzingani. Usisimame kwenye njia yao ya kuingilia, na usimpulizie nyuki pumzi. Akikuchoma, ukwangue mwiba mara moja kwa ukucha. Sumu hiyo huambatana na harufu inayofanana na ya ndizi mbivu (bogoya), nayo huwaita wenzake. Ukiinusa, acha picha, ondoka.