Somo: Kurudi fiti Nairobi bila kulipia jimu

Wengi wakitaka kupunguza mwili hulipia jimu ya miezi mitatu, wakanunua na raba mpya. Ikifika wiki ya pili, foleni ya Mombasa Road imewamaliza nguvu, na jimu wanaipita tu wakiwa dirishani mwa matatu. Somo hili ni la yule anayetoka Umoja au Githurai alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Mazoezi yake atayapata kwenye njia anayopita kila siku, na mlo wake utabadilikia kwenye sufuria ile ile. Kama una jimu na unaipenda, endelea nayo, hatugombani.

Hatua ya 1: Jipime

Acha mizani kwanza. Tafuta tepu ya fundi wa nguo. Zungushia kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekuangalia. Ikizidi sentimita 80 kwa mwanamke au 94 kwa mwanamume, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda. Andika kwenye kalenda, upime tena mwezi ukiisha.

Pima na presha. Kama kifua hubana ukipanda ngazi, au una ugonjwa wa moyo, mwone daktari kabla ya hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Tembea

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Wastani maana yake unaweza kuongea na mwenzako lakini kuimba kunakushinda.

Shuka steji mbili kabla ya yako. Jioni ni rahisi zaidi kwa sababu hakuna bosi anayekungoja, na foleni ikiwa imekaza huenda ukaipita matatu uliyoshuka. Ukiwa upande wa Thika Road, madaraja ya waenda kwa miguu yanakupa mlima wa bure: panda, shuka, panda tena. Jumamosi nenda Karura, msitu aliotupigania Wangari Maathai, au Arboretum. Kuna kiingilio, lakini hewa yake hailingani na ya kando ya barabara.

Niseme pia kwamba jiji hili lina maelfu wanaotembea kwenda kazini kwa kukosa nauli. Kama ni wewe, hatua hii umeshaimaliza zamani. Ongeza kasi kidogo sehemu ya katikati, kisha uende hatua ya 3.

Hatua ya 3: Nguvu, mara mbili kwa wiki

Weka stuli nyuma yako. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, nyoosha mikono mbele, kisha sukuma makalio nyuma kama anayetaka kukaa. Yakigusa stuli tu, inuka. Visigino vikae chini muda wote. Vikiinuka, umeegemea mbele mno na magoti ndiyo yatakayolipa. Kumi, pumzika dakika moja, kumi tena, kumi tena.

Pushapu anzia ukutani. Zikiwa rahisi, hamia ukingo wa meza nzito isiyoteleza, mwisho sakafuni. Malizia na planki ya viwiko: lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, ukae hivyo hadi uanze kutetemeka. Basi. Kukunja tumbo mara mia kutakuza misuli iliyo chini ya mafuta, lakini hakuchagui mafuta ya tumbo peke yake.

Hatua ya 4: Sahani

Hapa ndipo watu wengi huangukia. Mtu anatembea nusu saa, kisha anajizawadia soda ya nusu lita. Kola ya ukubwa huo ina sukari takriban gramu 53, vijiko 13 vya chai. Wewe kunywa maji.

Ugali usiufukuze nyumbani. Badilisha mpangilio: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali wa ukubwa wa ngumi yako, robo iwe ndengu, maharagwe, mayai, omena au kipande cha nyama. Kwenye kibanda mwambie mama aongeze mboga na apunguze ugali.

Halafu mafuta. Tunamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa hadi sukuma inaogelea. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, kwa hiyo pima: vijiko viwili vinatosha sufuria ya familia. Kaanga kitunguu, tia nyanya na chumvi kidogo, funika hadi nyanya itoe maji yake, kisha weka sukuma na ugeuze kwa dakika chache. Epua ikiwa bado kijani. Sukuma iliyogeuka rangi ya kaki imepikwa kupita kiasi, na wanaoipenda hivyo watanisamehe.

Chai: ukiweka vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, hivyo ni vijiko tisa kabla hujaonja mandazi. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi utazoea.

Adui mkubwa ni njaa ya saa kumi na moja jioni pale steji, harufu ya chipsi ikikuita. Usijifanye shujaa, kula kitu. Kigari kile kile cha smokie huuza na mayai boilo. Chukua moja na kachumbari nyingi. Au beba ndizi kutoka nyumbani. Ukifika hujafa njaa, chakula cha usiku hakitakuwa vita.

Chapati za Jumapili kula, mbili. Zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni achana nazo: nyingi ni dawa za kuharisha, unapoteza maji na pesa.

Hatua ya 5: Lala

Usingizi wa masaa manne au matano tu huongeza njaa kesho yake. Weka simu mbali na kitanda.

MASWALI MLIYOULIZA

Mlinzi wa usiku, Industrial Area: Mimi hulala mchana. Nifanye mazoezi saa ngapi?

Ukiamka, kabla ya kwenda zamu. Mlo wako mkubwa uwe huo wa kabla ya kazi, na usiku wa manane ule kitu chepesi kama githeri kidogo. Kukaa na mkate na soda hadi asubuhi ndiko kunakokunenepesha, ndugu yangu.

Mgeni kutoka Mombasa: Kule nilikuwa nakimbia vizuri. Hapa natweta kama mzee, nina ugonjwa?

Pole, na karibu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko Mombasa. Kimbia polepole kwa wiki chache mwili uzoee. Ukitweta hata umekaa, nenda hospitali.

Mama wa Pipeline: Nilijifungua kwa upasuaji wiki ya tatu hii. Naweza kuanza planki?

Bado, dada. Tembea taratibu ndani ya ploti, usibebe kitu kizito kuliko mtoto. Ngoja uchunguzi wa wiki ya sita, na kliniki wakikubali, anza na stuli na pushapu za ukutani. Kama unanyonyesha, usijinyime chakula. Anza na kupunguza sukari tu.

Mwendesha boda, Kawangware: Magoti yananiuma nikichuchumaa.

Weka mto juu ya stuli ili usishuke sana. Yakiendelea kuuma au yakivimba, acha uyapeleke yakaangaliwe.

Mwalimu, Donholm: Mzee wangu ana kisukari na anajidunga insulini. Afuate somo hili?

Afuate, lakini kliniki yake ijue kabla hajaanza. Akipunguza ugali na kuongeza kutembea huku dozi ikibaki ile ile, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho jembamba, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Vidonge vingine navyo hufanya hivyo, kwa hiyo aende na pakiti zake zote. Apime sukari kabla ya kutoka, asitembee peke yake wiki za mwanzo, na mfukoni abebe glukosi au peremende.