Kugeuza Coaster kuukuu kuwa nyumba, kwa sisi tunaokaa kwenye baridi

Anayeleta gereji kwetu Uyole, Mbeya, Coaster (basi dogo la Toyota) iliyochoka kazi ya daladala, akisema anataka kuhamia ndani yake, mara nyingi huja na mchoro mkononi: kitanda hapa, jiko pale, kabati la televisheni kule. Mchoro naupokea, naukunja, nautia mfukoni. Huku kwetu, kuanzia Makambako mpaka Mbalizi, nyumba ya bati humshinda mtu kwa sababu ya maji. Kuna maji ya mvua yanayopenya juu kuanzia Novemba, na kuna mengine ambayo watu hawayategemei kabisa, jasho la bati la Juni na Julai. Ukiyaweza hayo mawili, hata kabati likikaa upande utaishi.

Tuanze na gari la kununua. Injini ikiwa ni ile 1HZ ya lita 4.2, vipuri vyake havisumbui, kwa hiyo siisemei sana. Bodi ndiyo utakayolala nayo. Chukua bisibisi nene na tochi, ingia uvunguni, uchokonoe: boriti za sakafu, ngazi ya mlangoni, sehemu za juu ya matairi, na pembe zote za chini ya vioo. Rangi inadanganya, bisibisi haidanganyi. Ikizama kwenye chasisi, mshukuru mwenye gari uondoke. Ikizama kwenye bati la pembeni tu, hiyo ni kazi ya siku za grenda na kuchomelea, punguza bei kwa kiasi hicho. Gari lililozeekea pwani likague mara mbili, maana chumvi hula chuma kwa ndani. Kisha vua viatu, simama katikati ya gari. Kichwa kikigusa dari sasa, jua kwamba sakafu mpya na dari mpya vitakula tena sentimita nane au kumi.

Siti ukishazitoa usizitupe, wenye daladala za vijijini wananunua. Matundu ya bolti zake yazibe yote kwa vipande vya bati vilivyochomelewa, si kwa vitambaa na gundi. Sugua kutu mpaka chuma king'ae, paka praima, ndipo uanze kufikiria mbao.

Uzito ni hesabu rahisi. Coaster ya abiria 26, ukimpa kila mmoja kilo 65, ilikuwa inabeba kilo 1,690 kabla ya magunia na kuku. Hicho ndicho kipimo chako. Ukikaa chini ya kilo 1,500, na maji yakiwemo, springi na breki hazitakulaumu ukishuka mteremko wa Inyala. Ndiyo maana nawakataza watu mbao za mkaratusi kwa kabati, ni nzito mno. Paina ya Mafinga inatosha, mradi iwe imekauka. Mbao mbichi ukiifunga leo, mwezi ujao milango ya kabati haifungi. Na chipbodi iache dukani, ikinusa unyevu inavimba kama andazi.

Sasa mvua. Kabla hujafunika chochote kwa ndani, toa dari yote ya zamani, mtu mmoja apande juu na mpira wa maji, wewe baki ndani na chaki. Amwage taratibu, sehemu kwa sehemu, akianzia chini ya vioo akipanda kuelekea paa, ili ujue tone limetoka wapi. Akianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua chanzo. Weka alama kila linapotokea. Utakuta wakosaji ni walewale: vichwa vya riveti, pale keria ilipofungwa, na raba za vioo zilizokakamaa. Riveti iliyolegea itoe, weka mpya juu ya silikoni. Kupaka silikoni juu ya kutu ni kupoteza hela. Raba za vioo nunua mpya. Hapa pia uamue vioo vingapi vinabaki. Mimi huziba karibu nusu kwa bati, hasa upande wa kitanda, kwa sababu kioo ni tundu la baridi.

Jasho la bati ndilo linalohitaji akili. Usiku wa Julai Mbeya unashuka chini ya digrii 10, na bati la nje linapoa kama hewa ya nje au zaidi. Ninyi mko ndani mnapumua, mnapika, mmeanika soksi. Hewa yenu ina joto na mvuke. Ikigusa bati lile, mvuke unageuka maji, yanateremka nyuma ya plaiwudi, na kufika Agosti godoro lina kuvu na wewe unadhani paa linavuja. Jiko la gesi linaongeza: kila kilo moja ya gesi ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Halafu huku juu, kwenye mita 1,700, maji yanachemka kwenye digrii 94 hivi, kwa hiyo maharage yanakaa motoni muda mrefu kuliko ya Dar na mvuke wake ni mwingi. Maharage pikia nje, au nunua sufuria ya presha.

Dawa yake ni hewa yenye mvuke isifike kwenye bati baridi. Tafuta bodi nyeupe nyepesi za aina ile inayokuja kwenye maboksi ya friji, lakini zilizokatwa kama shuka, unene wa sentimita tatu au nne. Zibandike kwenye bati lenyewe kwa gundi isiyoyeyusha bodi hizo (jaribu kwanza kwenye kipande), zigandane kabisa, isibaki nafasi nyuma. Kwenye mviringo wa paa, zichanje kwa kisu upande mmoja ili zikunjike. Viungo vyote ziba kwa tepu ya aluminiamu. Sasa kuna jambo ambalo mafundi wengi huliruka: mbavu za chuma. Ukijaza katikati ya mbavu na kuziacha zenyewe wazi, kisha ukapigilia plaiwudi juu yake, kila ubavu utakuwa mstari wa maji. Nazo zivishe utepe wa sponji au ukanda wa bodi kabla ya kufunga plaiwudi ya milimita 6. Bodi nyeupe hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, kwa hiyo zifunikwe zote, na zisiwe karibu na jiko.

Halafu acha matundu mawili yasiyofungwa kamwe: moja chini karibu na mlango, moja juu upande wa pili, kila moja la ukubwa wa kiganja, yenye wavu wa mbu. Wateja hunilalamikia kwamba baridi itaingia. Itaingia kidogo, na mvuke utatoka. Blanketi moja zaidi ni rahisi kuliko godoro jipya. Chini ya godoro weka fito zenye nafasi, sio ubao mzima.

Hili la joto nalisema kwa ukali: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa limewaka vizuri na halitoi moshi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala isiamke. Ukitaka moto, tengeneza jiko dogo la kuni la bati nene la milimita 4, mlango ufunge kwa kubana, bomba la moshi litoke nje juu ya paa. Bomba linapopita darini, kata tundu kubwa kuliko bomba, bodi na mbao zikae mbali nalo, na uzibe kwa sahani mbili za bati. Choma miwati mikavu, ya Njombe ni safi sana. Kuni mbichi hutoa moshi wenye lami inayoganda ndani ya bomba na siku moja inawaka.

Mtungi wa gesi nao uwe na kisanduku chake kinachofunguka kwa nje, chenye tundu sakafuni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini kutafuta pa kukaa, na bila tundu itakaa miguuni pako.

Umeme nitaupitia haraka. Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, yaani betri mbili zimeungwa mfululizo. Kuna fundi atakushauri uchomoe volti 12 kwenye betri moja kwa ajili ya taa za ndani. Mkatalie: ile moja itachoka, nyingine itazidishiwa chaji, na zote mbili zitakufa. Betri ya nyumba iwe peke yake, ichajiwe na sola. Paneli ya wati 150 inakutosha kwa taa, simu na televisheni ndogo, ila Januari wingu likikaa wiki nzima zima televisheni. Betri ya kawaida ya maji usiishushe chini ya nusu. Paneli iinamishe kidogo kuelekea kaskazini, ndiko jua linakokaa wakati wa kipupwe chetu. Fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na taa.

Simtanki la lita 200 likijaa ni kilo 200, liweke chini, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Choo cha ndoo kinafaa kuliko watu wanavyodhani: mkojo uende galoni lake, kinyesi kifunikwe kwa maranda makavu, ambayo kwenye viwanda vya mbao Mafinga ni mlima. Harufu huletwa na kuchanganya viwili hivyo.

Makaratasi yaanze kabla hujawasha grenda. Nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) na kadi ya gari, ueleze kwamba linatoka biashara kuwa la binafsi na kwamba siti zinatolewa, wakuambie ukaguzi unaotakiwa. Namba nyeupe zibadilike ziwe za njano. Bima nayo iandikwe upya.

Ukishafika unapotaka kuegesha kwa muda mrefu, inua gari kwa jeki, weka vitako vya zege chini ya chasisi ili matairi na springi vipumzike, mlango ukiupa mgongo upepo. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, na ujue utamjibu nini akikuuliza choo unamwaga wapi, maana atakuuliza.