SOMO: Jinsi ya kusoma alama ya CE na namba za EN kwenye saruji, nondo, marumaru na bati kabla hujalipa (Tanga na pwani yote)

Swali ni lile lile kila wiki: "Hii ina CE, ni orijino?" Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Somo linamhusu hasa anayejenga karibu na bahari, kuanzia Raskazone na Sahare, Pangani, hadi Bagamoyo, maana hewa ya chumvi haimwachi aliyekosea kuchagua.

Kwanza tuelewane. CE kwenye vifaa vya ujenzi inatokana na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 305/2011, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2013. Inasema hivi: mtengenezaji amepima bidhaa yake kwa njia iliyokubaliwa na anatamka imepata kiasi gani. Kiasi hicho kinaweza kuwa kidogo, na alama bado ikawa halali. Kwa hiyo cha kusoma ni namba zinazofuata alama. Na hapa kwetu CE haichukui nafasi ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) hata siku moja.

Hatua ya 1. Tafuta alama ya TBS kwenye mfuko, lebo au bidhaa yenyewe. Saruji au nondo haina? Ondoka.

Hatua ya 2. Soma mfuko wa saruji. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 18-1, kimefuata EN 197-1 (EN ni kiwango cha Ulaya), ndiyo maana mfuko wa hapa hapa Tanga una maandishi kama CEM II/B-L 32.5N. Yasome vipande vipande. CEM I ni klinka (chokaa na udongo uliochomwa, kiini cha saruji) karibu tupu, asilimia 95 na kuendelea. CEM II/A ina klinka asilimia 80 hadi 94, CEM II/B ina 65 hadi 79. Herufi baada ya kistari (-) ni kilichoongezwa: L au LL ni jiwe la chokaa, P ni pozolana ya asili (kama majivu ya volkano), V ni majivu ya makaa ya mawe, S ni slagi (mabaki) ya tanuru la chuma, M ni mchanganyiko wa zaidi ya kimoja. 32.5 au 42.5 ni nguvu ya chini kabisa inayotakiwa siku ya 28, kwa megapaskali. N ni mwendo wa kawaida, R ni ya kushika nguvu haraka: 42.5N inatakiwa ifike 10 kwa siku mbili, 42.5R ifike 20. Ile 32.5N haidaiwi chochote siku ya pili; inadaiwa 16 siku ya saba. Anayefungua mbao za slabu ya 32.5N mapema kwa sababu "jirani alifungua siku ya nne" huenda jirani alitumia 42.5R.

Mfuko ulioandikwa MC, mfano MC 22.5X, ni wa kujengea tofali na kupiga plasta. Usiingie kwenye zege lenye nondo.

Hatua ya 3. Nondo: acha maandishi, chukua mizani. EN 10080, kiwango cha nondo, ilichapishwa 2005, lakini Tume ya Ulaya iliiondoa kwenye orodha ya viwango vinavyoruhusu CE mwaka 2006. Kwa hiyo nondo ya kawaida yenye CE inayotaja EN 10080 imebandikwa alama isiyo na msingi. Muuzaji akikuonyesha hiyo CE kama sifa, ongeza umakini.

Pima hivi. Nyoosha futi kamba kwanza, kwa sababu nondo nyingine hazifiki mita 12. Kisha uzito kwa mita: mm 8 ni kilo 0.395, mm 10 ni 0.617, mm 12 ni 0.888, mm 16 ni 1.58. Upungufu unaokubalika kwa EN 10080 ni asilimia 4.5, na kwa mm 8 kushuka chini ni asilimia 6. Maana yake nondo ya mm 12 yenye mita 12 kamili isiwe chini ya kilo 10.18, na ya mm 10 isiwe chini ya kilo 7.07. Ikipungua, umeuziwa mm 11 kwa bei ya mm 12, na hesabu yote ya mhandisi wako imeharibika.

Hatua ya 4. Omba Tamko la Utendaji. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, someni taratibu. Kila CE ya kifaa cha ujenzi ina karatasi yake inayofupishwa DoP. Mtengenezaji anatakiwa aitunze miaka 10, na wengi huiweka mtandaoni. Muuzaji wa jumla akisema haipo, bidhaa hiyo ihesabu haina CE. Ukiipata, usifurahie muhuri wala rangi. Angalia mambo manne.

Kwanza, namba ya aina ya bidhaa ifanane na iliyo kwenye boksi lako. Kutoa karatasi ya bidhaa moja kwa mzigo wa bidhaa nyingine ni mchezo wa kawaida. Pili, matumizi yaliyokusudiwa. Marumaru zilizotamkwa kwa ukuta wa ndani hazijatamkwa kwa kibaraza, hata ziwe nene. Tatu, namba ya tarakimu nne ya chombo kilichoteuliwa kukagua. Saruji iko kwenye mfumo wa ukaguzi wa 1+, ulio mkali kuliko yote, kwa hiyo lazima namba hiyo iwepo, na unaihakiki bure kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya iitwayo NANDO. Kile "cheti cha uzingatiaji" chenye nembo ya kampuni isiyo kwenye orodha hiyo hakina kazi. Marumaru za kawaida za sakafu mara nyingi ziko mfumo wa 4, mtengenezaji anajipima mwenyewe, kwa hiyo kukosa tarakimu nne hapo si kosa.

Nne, na hili ndilo linalogharimu watu: herufi NPD. Zinaonekana kama alama ya kufaulu, zimepangwa safu moja na matokeo mengine. Maana yake ni kwamba sifa hiyo HAIKUTAMKWA. Kanuni inamruhusu mtengenezaji kuandika NPD kwenye sifa nyingi mradi atamke angalau moja. Unaweza kukuta marumaru yenye CE halali kabisa, imetamka kuhusu moto, halafu kwenye utelezi imeandikwa NPD. Ukiitandika kibarazani Sahare mvua za masika zikaanza, hakuna wa kumdai, kwa kuwa mtengenezaji hakukuahidi kitu. Kwa hiyo anza na sifa unayoihitaji wewe, itafute kwenye jedwali, na kama mbele yake pana NPD, kwa matumizi yako bidhaa hiyo haina CE.

Hatua ya 5. Linganisha na mahali unapojenga. EN 206, kiwango cha zege, inaita hewa ya chumvi isiyogusana na maji ya bahari XS1, na sehemu inayopigwa na maji kupwa na kujaa XS3. Kwa XS1 mwongozo wake ni maji yasizidi 0.50 ya uzito wa saruji, saruji isipungue kilo 300 kwa mita ya ujazo (mifuko 6), zege la C30/37 (nguvu ya megapaskali 30 kwa sampuli ya silinda, 37 kwa mchemraba). Kwa XS3 ni 0.45, kilo 340, C35/45. Mfuko wa kilo 50 kwa 0.50 ni lita 25 za maji, ndoo moja na robo, PAMOJA na maji yaliyo ndani ya mchanga. Fundi akimwaga ndoo mbili ni 0.80, na CE ya saruji imekwisha kazi. Kava ya nondo (unene wa zege unaoifunika) kwa XS1 ni milimita 35 pamoja na 10 za kosa la fundi, yaani biskuti za 45. Za 25 hazitoshi pwani.

Hatua ya 6. Piga picha mfuko, lebo na risiti. Weka pamoja.

MASWALI

Mgeni wa Chumbageni: Mkuu kwa kifupi, CE ni nzuri au mbaya?
— Aya ya pili.

Mzee wa Mikanjuni: CE yenye herufi zilizobanana ni China Export, zilizoachana ndiyo ya Ulaya. Hilo hujaliandika.
— Sikuliandika kwa sababu hakuna alama iliyosajiliwa inayoitwa hivyo, mzee wangu. Iliyobanana ni CE iliyochorwa vibaya, na iliyochorwa vizuri mtu yeyote anaweza kuichapa. Nafasi kati ya herufi haikuambii zege litabeba nini.

Fundi wa Ngamiani: Mteja wa Sahare anang'ang'ania CEM I 42.5 kwa sababu ni "kali". Mimi nina CEM IV ya pozolana 32.5. Nani yuko sahihi karibu na bahari?
— Swali zuri sana, fundi. Nguvu na uimara dhidi ya chumvi ni vitu viwili. Pozolana na slagi huziba vitundu vya zege taratibu, kloridi ya chumvi ikachelewa kufika kwenye nondo, kwa hiyo kwa chumvi peke yake saruji yako ina faida. Lakini ina masharti: nguvu yake huja polepole, basi mwagilia siku 7 bila kuruka, 10 ni bora, na usifungue mbao kwa pupa. Ikikauka upesi kwa jua na upepo wa kaskazi, faida yote inapotea na afadhali ya mteja. Na 32.5 kufikia C30/37 inahitaji saruji ya kutosha na maji kidogo. Piga sampuli za mchemraba za zege zikapimwe nguvu kabla ya kuahidi.

Muuza hadiwea: Unatuharibia biashara. Mteja anakuja na mizani dukani!
— Nondo ikitimia uzito, mizani hiyo inakutangazia bure. Sijataja duka la mtu.

Mjenzi wa Pongwe: Nondo zangu zina CE, ziko salama?
— Hatua ya 3. Umepima?

Dada wa Bagamoyo: Bati je? Naambiwa tu geji 28.
— Geji ni unene wa bati, dada, haikwambii kinga ya kutu. Uliza mipako. Z275 ni gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili, takriban maikroni 20 kila upande. Z100 ni zaidi kidogo ya theluthi ya hiyo. AZ150 ni aluminiamu na zinki, gramu 150, unene karibu sawa na Z275 kwa kuwa ni nyepesi, na hustahimili chumvi zaidi. Bati nene lenye Z100 litaliwa na kutu Bagamoyo kabla ya jembamba lenye AZ150.

Fundi bati, Pangani: Naongeza: msikate AZ kwa grainda. Cheche zinaunguza mipako na kutu inaanzia hapo hapo. Tumieni mkasi. Na udongo wa saruji usiachwe juu yake, unakula aluminiamu.
— Asante, hilo watu hawalijui.

Mwanafunzi wa ujenzi: Nimesoma kuna kanuni mpya, 2024/3110. Hii 305 imekufa?
— Bado. Mpya ilianza kuwa na nguvu Januari 2025 na sehemu kubwa inatumika tangu tarehe 8 Januari 2026, lakini bidhaa zinahamia hatua kwa hatua kadri viwango vyao vinavyoandikwa upya, kwa hiyo karatasi za aina zote mbili zitazunguka kwa miaka. Kwenye mpya DoP inaongezewa tamko la ulinganifu na taarifa za mazingira, na kuna pasipoti ya kidijitali ya bidhaa.

Mama mjenzi, Raskazone: Maji ya kisima changu yana chumvi kidogo. Nichanganyie zege?
— Kwa kuonja hutajua, mama. EN 1008 inaruhusu kloridi hadi miligramu 1,000 kwa lita kwenye zege lenye nondo, na 4,500 kwa lisilo na chuma chochote. Peleka chupa ya lita moja maabara ya maji. Ikizidi 1,000, tumia maji ya bomba kwa nguzo, linta na slabu, na ya kisima yabaki kwa zege la sakafu lisilo na nondo, mradi haijazidi 4,500. Usimwagilie zege lenye nondo kwa maji hayo pia. Chukua sampuli mwisho wa kiangazi, wakati kisima kimeshuka na chumvi imepanda.