SOMO: Antena ya Moxon ya 28 MHz kwa mianzi na waya

Assalaamu alaykum. Kila mwezi linarudi swali lile lile: "Naomba vipimo vya antena ya kuelekeza." Naviweka hapa mara moja, anayeuliza tena aelekezwe huku. Hii ni Moxon, antena ya redio ya ridhaa inayorusha na kusikia zaidi upande mmoja: mstatili wa waya mbili uliopewa jina la Les Moxon wa Uingereza, aliyejulikana hewani kwa alama ya kituo G6XN. Inapokea koaksi (kebo ya antena) ya omu 50 moja kwa moja na haitaki uwanja mkubwa.

Vifaa: waya wa shaba mtupu wa milimita 2, mita 10.5, mianzi mikavu minne ya mita 2.2, ubao wa kitovu, bao la plastiki la kukatia mboga, mshipi wa nailoni, koaksi.

Vipimo vya 28.4 MHz:
Upande mrefu, mbele na nyuma: 3.84 m
Mkia (ncha iliyokunjwa) wa waya wa mbele: 0.57 m kila upande
Pengo kati ya mikia: 0.11 m
Mkia wa waya wa nyuma: 0.72 m kila upande
Upana wote: 1.40 m

1. Funga mianzi kwenye ubao iwe msalaba. Kutoka kitovu hadi kila pembe ni 2.04 m.

2. Waya wa mbele (4.98 m) ukate katikati. Waya wa nyuma (5.28 m) haukatwi.

3. Pitisha waya kwenye pembe, mikia itazamane.

4. Pengo. Hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza, na ndipo wengi wanaposhindwa. Usiunganishe ncha za mikia kwa mshipi mtupu. Nailoni hulegea ikipigwa na jua na mvua, sentimita 11 zikawa 15, na kitu cha kwanza kufa ni uwezo wa kuzuia sauti za nyuma. SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) inaweza kubaki nzuri, ukadhani antena ni nzima. Kata ukanda wa bao la plastiki, toboa matundu mawili, ingiza ncha na uzikunje. Pima kutoka kunjo hadi kunjo, wala usihesabu kipande kilichosokotwa; kwa hiyo acha sentimita 2 za ziada kila ncha. Mikia ikae kwenye mstari mmoja, pua kwa pua. Mmoja ukining'inia, pengo si hilo tena.

5. Koaksi: kiini (waya wa kati) kwenye nusu moja ya waya wa mbele, wavu (waya uliosukwa unaokizunguka) kwenye nusu ya pili, choma kwa risasi. Chini yake tu, zungusha koaksi hiyo hiyo mara 6 kwenye bomba la inchi 3, ili wavu usigeuke antena.

6. Ziba kiungo chote kwa silikoni. Chumvi ya bahari ikiingia kwenye wavu hupanda ndani ya koaksi, na koaksi hiyo ni ya kutupwa.

7. Pandisha mita 5 au zaidi, mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba mlingoti ukianguka usizifikie.

Inapiga kuelekea upande wa waya uliokatwa. Kutoka Unguja: London digrii 335 za dira, Tokyo 55, New York 312.

MASWALI

Mkaazi wa Wete: Maalim, waya wa mbele urefu gani?
— Hatua ya 2.

Kijana wa Bububu: Nimefuata kila kitu, SWR ya chini kabisa iko 27.6 MHz. Vipimo vyako vina kasoro.
— Waya wako una ganda?
— Ndiyo, wa umeme wa nyumba.
— Nimeandika waya mtupu. Ganda linapunguza kasi ya wimbi, waya unakuwa kama mrefu zaidi. Zidisha kwa 0.97: upande mrefu 3.72, mikia 0.55 na 0.70. Pengo libaki 11.

Dada wa Makunduchi: Samahani Maalim, kwa nini mikia ikunjwe? Kwani waya mbili zilizonyooka hazitoshi?
— Swali zuri sana, dada. Zilizonyooka huathiriana kwa kulala sambamba tu. Mikia ikitazamana, ncha zenye volti kubwa nazo zinaathiriana kupitia pengo. Waya wa nyuma ni mrefu kidogo, mkondo wake unachelewa. Athari hizo mbili zikilingana, mawimbi ya nyuma yanafutana na ya mbele yanajumlishana. Ukipata muda, sogeza pengo sentimita 1 kila mara huku unasikiliza kituo cha nyuma. Utaisikia tofauti mwenyewe.

Mvuvi wa Mkoani: Na 14.2 MHz?
— Upande mrefu 7.70, mkia wa mbele 1.17, pengo 0.20, mkia wa nyuma 1.43. Upana 2.80, kitovu hadi pembe 4.10. Mianzi mizito wakati wa kusi inavunjika kwenye kitovu, kaza kila pembe kwa kamba hadi juu ya mlingoti.

Mkaazi wa Wete: Mnazi haufai kuwa mlingoti?
— Unayumba, na antena inazunguka nao. Mwanzi pia usikate mbichi ukautumia siku hiyo. Ukikauka unapasuka na vifungo vinalegea.

Mvuvi wa Mkoani: Ni kweli. Mimi naziba na matundu ya ncha za mianzi kwa silikoni, dudu wasiingie.

Kijana wa Bububu: Sasa iko 28.35 MHz. Ahsante, Maalim. Leseni lazima?
— Kusikiliza sikiliza. Kurusha, leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwanza.